Shuka Hukunjwa na Wawili

Shuka likitoka kwenye rola ya kupigia pasi huwa la moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Wawili wanalipokea, kila mmoja ameshika pembe zake mbili. Wanarudi nyuma mpaka linyooke, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha wanaelekeana mpaka vidole vya huyu viguse vidole vya yule. Hapo mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia chini, wanaachana tena na kukutana tena. Wanapokutana, nyuso zao zinakaribiana kiasi kwamba kila mmoja anajua kama mwenzake amekunywa chai au ametoka nyumbani tumbo tupu.

Katika kiwanda kile cha kufulia hakuna aliyekunja shuka peke yake. Mwenzako wa kukunja aliitwa mkono wako. "Mkono wangu amechelewa," watu walisema, au, "Mkono wangu leo ameamka vibaya, msimguse." Mkono wa Mama Mapacha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Watoto walimwita Shangazi, na kwa sababu hiyo kiwanda kizima, hadi meneja, kilimwita Shangazi.

Kwa kuwa mashine zilinguruma, mawifi hao walizoea kuzungumza kwa vipande. Walisemezana walipokutana, wakanyamaza walipoachana, na habari moja ingeweza kuchukua rundo zima la mashuka.

"Kaka yako jana," Mama Mapacha alianza.

Shuka likanyooka, likakunjwa.

"Kafanya nini tena?"

"Kapaka rangi viatu vya mteja. Cha kulia cheusi."

Wakaachana, wakarudi.

"Na cha kushoto?"

"Kahawia."

Shangazi alicheka mpaka akaachia pembe moja, na shuka likagusa sakafu, ikabidi lirudishwe kufuliwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kila mara kiliishia kwenye filimbi nyembamba kifuani, kwa sababu alikuwa na pumu. Yeye ndiye aliyeongoza sala fupi kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Alizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na jirani mwema ng'ambo ya ukuta.

Mwaka ule ikaingia homa ya kifua. Mwanzoni ilikuwa habari ya redioni, ya watu wa mbali. Kisha shule zikafungwa, masoko yakafunguliwa nusu siku, na magari ya wagonjwa yakaanza kupita barabarani bila hata kupiga king'ora, kwa sababu barabara zilikuwa tupu. Serikali ikatangaza kwamba mfanyakazi anayeumwa abaki nyumbani na mwajiri amlipe kama kawaida. Meneja mwenyewe alilibandika tangazo hilo mlangoni, akalipapasa pembe zote kwa kiganja ili lisibanduke.

Asubuhi hiyo Shangazi alilitia kwenye sala. "Tunakushukuru, Baba, kwa karatasi ya pale mlangoni. Tusaidie isiwe ya mlango peke yake."

Watu wakaitikia amina huku wakicheka.

Lakini kiwanda hicho kilifua mashuka ya hospitali, na hospitali zilikuwa zimejaa. Malori yalileta mafurushi mchana kutwa. Mahali palipotaka watu zaidi hapakuwa kwenye rola ila kwenye chumba cha maji, yaliko matangi ya kulowekea. Huko ndiko mashuka yalikoingia yakiwa na damu na matapishi, na huko ndiko ilikomiminwa klorini, na hata mtu mwenye mapafu mazima alitoka akiwa na macho mekundu kama aliyekuwa analia. Hakuna aliyetaka kwenda. Kwa hiyo nyapara aliweka utaratibu: mkono wako asipokuja kazini, na wewe huna wa kukunja naye, unaenda chumba cha maji.

Nyapara huyo walimwita Bado. Mtu akimuuliza kama zamu imekwisha, kama mishahara imetoka, kama chai imechemka, alijibu, "Bado." Hakuwa mtu mbaya. Zamani, Shangazi alipokuwa akifanya kazi kwenye matangi, siku moja alianguka midomo ikiwa imebadilika rangi, na Bado ndiye aliyempakia juu ya toroli la mashuka mabichi akakimbia naye hadi nje kwenye hewa. Baada ya hapo Shangazi alihamishiwa kwenye rola, na wote walijua kwamba hawezi kurudi kwenye maji akatoka salama.

Mama Mapacha alilijua hilo kuliko wote. Ndiyo maana siku aliyoamka na homa, jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa mwili wake.

Alifumbua macho akahisi kama amepigwa na mti. Koo lilikuwa limevimba, mifupa inauma, na shuka lake mwenyewe lilimkwaruza ngozi. Mumewe, fundi viatu, alimwekea kiganja kwenye paji la uso akakiondoa haraka.

"Umepata," alisema. "Lala."

"Nikilala, dada yako anaenda kwenye maji."

"Tangazo lipo mlangoni. Si nyinyi mmelisoma kwa macho yenu?"

"Tumelisoma. Linanisema mimi. Yeye halimsemi."

Fundi akaenda kuwatoa mapacha chumba cha ndani, akawatandikia mkeka sebuleni, mbali na mama yao. Mama Mapacha akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akatoka kwa miguu. Hakutaka kuingia kiwandani. Alisimama nje ya geti, akamwomba mlinzi amwite nyapara.

Bado alitoka na bilauri ya chai mkononi. Alipomwona akasimama.

"Usisogee. Sema hapo hapo ulipo."

"Naumwa, nyapara."

"Naona. Macho yako yako kama ya samaki wa juzi. Nenda nyumbani, tangazo linasema uende nyumbani."

"Na Shangazi?"

"Shangazi haumwi."

"Mpe mkono mwingine. Wapo wangapi leo wasio na mikono? Si uwaunganishe wawili wawili?"

"Wapo. Wote wako kwenye maji. Unadhani yale matangi yanajiendesha?" Alinywa chai kidogo, akashusha sauti. "Sikiliza, Mama Mapacha. Ukiniletea cheti cha daktari, hesabu yako inakuwa ya ugonjwa. Ofisi inaniruhusu kuchukua kibarua mmoja akae mahali pako, nami namweka awe mkono wa Shangazi. Bila cheti wewe ni mtoro tu. Kibarua sipewi, na mshahara wako siutetei."

"Unajua kifua chake. Wewe mwenyewe ulisukuma toroli."

Bado akatazama ndani ya bilauri yake. "Nikimwachia mmoja kwa sababu ya kifua, kesho wote wataamka na pumu. Leo nitamweka kuhesabu mifuko. Leo tu. Kesho nipe cheti au nipe mtu."

Mama Mapacha akaenda zahanati. Watu walikuwa wamejaa nje ya ukuta, wengine wamesimama, wengine wamekaa juu ya matofali, kila mmoja anamtazama jirani yake kwa jicho la kumtilia shaka. Kwenye lango dogo alisimama muuguzi aliyevaa aproni ya plastiki. Ilipofika zamu yake, muuguzi hakumuuliza jina.

"Unapumua?"

"Napumua."

"Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi rudi kwa miguu hiyo hiyo. Lala, kunywa maji mengi, jitenge na watoto. Usije hapa mpaka ushindwe kutembea."

"Sitaki kitanda, dada yangu. Nataka cheti tu cha kazini."

"Cheti anaandika daktari, na daktari anawaona waliolazwa."

"Nikijilaza hapa chini?"

Muuguzi alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana. Akaonyesha kwa kidevu mwanamume mmoja aliyejinyoosha ukutani. "Yule amejilaza tangu nifungue lango. Kila nikigeuka anaketi anakula ndizi."

Mama Mapacha hakucheka. Akaeleza habari za wifi yake, klorini, na kibarua. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akageuza uso, akakohoa ndani ya kiwiko, kikohozi kirefu kilichomwinamisha. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka.

"Usinitazame hivyo, mama," alisema. "Mimi mwenyewe sina cheti."

Njiani kurudi, Mama Mapacha alisali. Hakuomba kupona. Aliomba karatasi. Alimwambia Mungu kwamba Yeye aliyeumba mbingu kwa neno hashindwi na saini ya mtu mmoja, na kwamba hata muhuri ukiwa haukukolea, nyapara ataupokea. Alirudia ombi hilo mpaka akafika mlangoni kwake, akajilaza, akasubiri.

Jioni Shangazi alitoka kazini akapitia moja kwa moja kwa kaka yake. Vyumba vyao vilikuwa katika ua mmoja. Akasimama kizingitini, mkono kiunoni.

"Wifi, unakufa lini nipange shughuli zangu?"

"Usisogee."

"Nimesimama. Nimeambiwa hukupata cheti."

"Sikupata. Na wewe kesho usiende. Sema unaumwa."

"Kwa cheti kipi?" Shangazi akacheka, filimbi ikalia. "Hapana. Kesho wewe njoo kazini."

Fundi alikuwa kona ya chumba anashona soli. Akaweka sindano chini. "Dada, hii homa si mafua."

"Wewe nyamaza, mpaka rangi. Viatu vimekushinda utaweza magonjwa?" Halafu akageukia wifi yake na sauti yake ikawa ya upole. "Hebu fikiri. Pale kwenye rola umewahi kumwona nani akakaa na mafua? Mtu anaingia amebanwa pua, anatoka anaimba. Shuka lile ungeweza kukaangia yai. Kijidudu gani kitapita pale kikatoka hai? Yule mdogo atakufa kwa joto kabla hajafika kwangu."

Hilo hawakulianza wao. Watu wote wa rola waliliamini, na waliliamini tangu zamani, kabla ya homa ile. Mvuke uliua chawa, uliua kunguni, uliua uchafu wa kila namna ambao wao waliuona kwa macho yao ukiingia kwenye mafurushi na kutoka mweupe. Walijivunia. Wenzao wa maofisini walipokuwa wanaugua, wao walisema, "Njooni kwetu tuwapige pasi." Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba joto lilikuwa kwenye shuka, na pumzi zilikuwa kwenye nyuso.

"Nitakuambukiza," alisema Mama Mapacha, lakini sauti yake ilikuwa inauliza.

"Klorini ninaijua. Nimeshaonja, ilinipeleka mpaka mlangoni kwa Mungu nikaona na viti vyake. Homa yako siijui. Kati ya ninachokijua na nisichokijua, nitakuchukua wewe. Angalau wewe unanichekesha."

Kisha Shangazi akasali, akiwa amesimama pale pale kizingitini. Aliomba ulinzi, akaomba nguvu kwa ajili ya wifi yake, akamwombea Bado moyo laini na kaka yake macho ya kutofautisha rangi. Mama Mapacha alifumba macho. Moyoni alikuwa akiomba kitu kimoja, kwamba kama jambo hili ni baya, Mungu alizuie sasa, kwa namna yoyote, hata dari ianguke. Akasubiri. Akasikia mapacha wakigombania blanketi sebuleni, basi.

Asubuhi alimeza vidonge vya kutuliza homa, akaosha uso kwa maji baridi, akaenda.

Getini Bado alikuwa ameshika kile kifaa cha kupimia joto kwenye paji la uso. Akampima Mama Mapacha. Kifaa kikalia. Waliokuwa nyuma yake wakarudi nyuma kidogo. Bado akakitazama, akakipigapiga kiganjani kama saa iliyosimama.

"Bado hakijapata moto," alisema bila kumwangalia. "Pita."

Kazi ilianza. Walipewa barakoa, lakini mbele ya rola barakoa hulowa mara moja, ikagandamana puani kama kitambaa kibichi, na Shangazi mwenye pumu hakuweza. Akaishusha kidevuni. Mwanzoni Mama Mapacha aligeuza uso kila walipokutana, akatazama ukutani. Pembe zikawa hazilingani. Mashuka yakatoka kombo, yakarudishwa, na rola haisubiri mtu. Mengine yakaanza kujikusanya miguuni mwao.

"Nitazame, wifi," Shangazi alisema. "Hatukunji kwa masikio."

Akamtazama. Wakaelekeana, wakaachana, wakaelekeana. Mvuke ukamwingia Mama Mapacha kifuani, ukamlegeza koo, makohozi yakakatika, na kufikia saa ya chai alikuwa anajisikia nafuu kweli.

"Umeona?" Shangazi alisema akimpokea pembe. Uso wake mpana ulikuwa umejaa jasho na furaha. "Nilikuambia. Tukufungulie duka la tiba."

Mama Mapacha alimshukuru Mungu pale pale, kimya kimya, mikono ikiwa na kazi. Aliamini kwamba amejibiwa.

Wiki iliyofuata yeye alikuwa anapona, na Shangazi akaanza kukohoa.

Mwanzoni aliita pumu. Alivuta dawa yake ya pumu, akasema ni vumbi la nyuzi, ni baridi ya asubuhi, ni kaka yake na gundi yake ya viatu. Lakini vipande vya mazungumzo vikawa vifupi. Walipokutana alikuwa hasemi neno. Alikuwa anavuta pumzi tu kwa ajili ya kuachana tena, na Mama Mapacha aliona ngozi ya shingoni mwake ikiingia ndani kila anapovuta.

"Kesho unabaki nyumbani," alimwambia walipokuwa wanatoka.

"Halafu wewe uende kwenye maji. Umepona juzi."

"Kifua changu kizima. Nitaenda."

"Tuone asubuhi," Shangazi alisema. Alisimama mara tatu kabla ya kufika kwenye ua, kila mara akijifanya anatazama kitu.

Asubuhi hapakuwa na la kuona. Alikuwa ameketi kitandani amejiegemeza kwa mito yote ya nyumbani, hawezi kulala na hawezi kusimama, na alipojaribu kufanya mzaha mdomo ulifunguka pasitoke kitu. Fundi alifunga karakana. Akaazima mkokoteni kwa jirani, akatandika godoro, wakampakia. "Mimi nakwenda naye," Mama Mapacha alisema.

"Nenda kazini," Shangazi akasema. Ndiyo maneno aliyoweza. Kisha akaongeza mengine, kila moja kwa pumzi yake. "Wasituhesabu. Watoro. Wote wawili."

Mama Mapacha alimbusu mkononi. Akaenda kiwandani, akapita rola, akamkuta Bado kwenye korido.

"Mkono wangu hayupo. Naenda kwenye maji."

Bado akamvulia glavu zake mwenyewe za mpira, za mikono mirefu, akampa.

Siku ile yote alizamisha mashuka ya wagonjwa. Klorini ilimchoma macho na pua, na kila alipovuta pumzi alifikiri, hii ndiyo niliyokuwa namkinga nayo. Alisali bila kuacha. Hakuwa na maneno mapya, alirudia yale yale kama anavyorudia mtu anayejifunza kusoma. Mbarikie pumzi. Mbarikie pumzi. Wenzake wa matangi hawakumuuliza neno, kila mmoja pale alikuwa na mkono wake aliyelala mahali.

Saa za mchana fundi alikuja getini. Shangazi amepokelewa, alisema. Muuguzi alipoona mkokoteni hakuuliza swali lolote, lango likafunguliwa lote. Kisha fundi akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri.

"Wametupa na cheti," alisema. "Sikuomba hata. Daktari aliandika amesimama."

Mama Mapacha aliipokea kwa glavu zilizolowa. Muhuri ulikuwa umekolea, wa rangi ya zambarau, wala hakukuwa na shaka juu ya saini. Alimpelekea Bado. Bado akaisoma, akaipeleka ofisini, na kabla ya kazi kwisha kibarua alikuwa amepatikana, mwanamke mmoja kutoka mtaa wa pili, mtulivu, mwenye mikono mizuri ya kukunja.

Siku zilizofuata zahanati haikuruhusu mtu kuingia. Fundi alikuwa anakwenda asubuhi na jioni, anasimama nje ya ukuta, anarudi na neno moja la muuguzi. Anapumua kwa mashine. Amekunywa uji. Ameuliza mapacha. Amelala. Mama Mapacha alikunja mashuka na yule kibarua, barakoa zote mbili zimelowa na hakuna aliyezishusha. Hawakuzungumza.

Fundi alipokuja getini mchana, bila kuwa saa yake, na bila kofia, Mama Mapacha alimwona kupitia dirisha akajua. Aliweka chini pembe zake taratibu ili zisimponyoke yule mwingine. Akatoka nje. Hawakukumbatiana, wakati ule watu walikuwa wameacha. Walisimama hatua chache mbali, kila mmoja anamlilia mwenzake usoni.

"Wamemzika wao," fundi alisema. "Watu wa afya. Asubuhi. Walisema hawakuwa na namna ya kutuita."

Meneja alipata habari akamwita ofisini. Alikuwa mtu wa heshima, alisimama Mama Mapacha alipoingia. Dirisha lilikuwa wazi, na mezani palikuwa na chupa ya dawa ya kusafishia mikono.

"Pole sana, Mama Mapacha. Pole sana kwa kweli. Shangazi alikuwa mtu wetu sote."

"Ahsante."

"Nenda nyumbani. Ruhusa ya msiba ipo na mshahara haukatwi. Pumzika, kaa na watoto. Usifikirie kazi."

Mama Mapacha alisimama bila kuondoka. "Alikuwa wifi yangu. Hakuwa ndugu wa damu."

"Kwa Shangazi hatuangalii hayo."

"Nilete cheti cha kifo?"

Meneja alitikisa kichwa haraka, kama aliyeudhika kwa niaba yake. "Hapana, hapana. Cheti cha nini? Kwa msiba hatuwezi kumsumbua mtu na karatasi. Hatujawa wanyama."

"Siku hizi za kupumzika," Mama Mapacha alisema, "ndizo nilizokuja kuomba pale getini."

Meneja alimtazama. Ilikuwa wazi kwamba hakuelewa mara moja, kisha ikawa wazi kwamba ameelewa. Akashika ile chupa ya dawa, akaisogeza kidogo upande, akairudisha palepale.

"Ulikuja bila cheti," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nilikuja bila cheti."

"Utaratibu hauwekwi na mimi peke yangu."

"Najua, bosi. Na huyu kibarua niliye naye sasa, akiamka anaumwa?"

"Hilo tutalitazama."

Nje kwenye korido Bado alikuwa akimsubiri. Alikuwa amevua kofia anaizungusha mikononi.

"Nilikupitisha siku ile nikidhani nakusaidia," alisema.

"Ulinisaidia, nyapara. Yeye naye alinisaidia. Nami nilikwenda nikamsaidia." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimfanya Bado arudi nyuma hatua moja. "Sote tulisaidiana."

"Ningefanya nini?"

Mama Mapacha alifikiri kwa sababu lilikuwa swali la kweli. "Ungekuja na Shangazi pale ofisini," alisema. "Ungesimama kama unavyosimama hapa."

Alipita mbele ya chumba cha rola. Mashine zilikuwa zinanguruma. Wanawake walimwona, na waliokuwa wameelekeana walimwinamishia kichwa juu ya shuka. Hakuna aliyeweza kuachia. Yule kibarua hakuwapo, kwa kuwa mkono wake, yaani Mama Mapacha mwenyewe, alikuwa ameondoka, na wakati huo alikuwa akivaa glavu kwenye chumba cha maji.

Mama Mapacha alisimama. Akarudi ofisini, akafungua mlango bila kubisha.

"Nimepewa ruhusa," alimwambia meneja, "na mkono wangu amepelekwa kwenye maji. Sasa hivi. Nenda ukatazame."

"Mama Mapacha, nimesema tutalita—"

"Nitakaa hapa mpaka utoke."

Akakaa kwenye kiti cha wageni. Hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile. Meneja akainuka akatoka. Mama Mapacha alisikia viatu vyake vikienda kwenye korido, vikasimama mahali, akasikia sauti ya Bado ikijibu jambo, na sauti ya meneja ikipanda. Baada ya muda kibarua alipita mlangoni mikono imelowa hadi kwenye viwiko, akamtazama Mama Mapacha kama mtu asiyejua ashukuru au aogope, akaelekea kwenye rola kusaidia kupanga marundo. Ilikuwa kwa siku ile. Hakuna aliyesema lolote juu ya kesho.

Nyumbani alikuta ua umefagiwa na hakuna mtu. Majirani ambao siku nyingine wangejaa walisimama kwenye milango yao, wakampa pole kwa mbali, wakarudi ndani. Hapakuwa na mwili wa kuoshwa, wala kaburi la kwenda kulitazama mpaka wapewe namba yake. Fundi alikuwa ameketi ndani, mikono mitupu, viatu vya watu vimepangwa mbele yake.

Mama Mapacha alifumba macho asali. Alitaka kumuuliza Mungu kuhusu ile jioni ya kizingitini, kwa nini dari haikuanguka. Aliliuliza swali hilo kama lilivyo, bila kulipamba, kwa kuwa Shangazi asingelipamba. Kisha akangoja, na mchana ukaendelea.

Mmoja wa mapacha akaja, akasimama mbali kidogo kama alivyofundishwa.

"Mama, mbona umerudi mapema? Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Na kesho utaenda kazini?"

"Siendi."

"Na keshokutwa?"

"Siendi. Nimepewa siku za kupumzika."

Mtoto akafurahi, akakimbia kumwambia mwenzake.